Bunduki Imelia Bila Wewe Kukusudia: Kutafuta Chanzo, Dalili kwa Dalili

"Ilijifyatua yenyewe, mwalimu."

Maneno haya nimeyasikia kutoka kwa watu wazima, wenye akili zao timamu, mikono ikiwatetemeka na macho yakitazama shimo lililo ukutani. Siwabishii papo hapo. Mara chache huwa kweli: kuna chuma kilicholika, springi iliyochoka, au mafuta yaliyoganda kama gundi. Mara nyingi zaidi kuna kidole, kamba ya koti, tawi, au risasi moja iliyosahaulika ndani ya chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi iliyo tayari kupigwa. Ni lazima tujue ni lipi kati ya hayo, kwa sababu dawa ya kidole si dawa ya springi, na anayetibu lisilohusika atarudi kwangu na msiba.

Ninafundisha watu kulenga shabaha hapa Nairobi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo wanaonijia si wawindaji wa hapa nyumbani. Kuna wenye leseni ya bastola ya kujilinda. Kuna wafugaji wanaoishi mjini lakini mifugo yao iko Laikipia au Kajiado, nao huweka shotgani au raifoli ya kulinda zizi. Na kuna wachache wanaovuka mpaka kwenda kuwinda kwa kibali Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii bado ni halali. Hao wa mwisho ndio hunikosesha usingizi. Mtu amezoea bastola iliyotulia kiunoni, kesho yake anapewa raifoli ya .375, saizi inayotakiwa huko kwa nyati na tembo, anaingia nayo kwenye nyasi za kifuani, na mbele yake kuna watu watatu wanaotembea kwa mstari.

Kwanza, kabla ya kutafuta chanzo

Mlio ukitoka bila kutarajiwa, usiitupe bunduki chini. Wengi huitupa kwa mshtuko, na bunduki yenye hitilafu ikianguka inaweza kulia mara ya pili. Ishikilie, mdomo wa mtutu uelekeze ardhini mahali ambapo hapana jiwe wala mguu wa mtu, toa kidole kwenye triga, kisha uliza kwa sauti kubwa: "Nani ameumia?" Taja watu kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja aitike. Aliyepigwa na marisau machache, vile vipira vidogo vya risasi ya shotgani, anaweza kukaa nusu dakika bila kujua.

Ndipo uiondoe risasi, na utaratibu hapa haubadilishwi. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, hutoka kwanza, halafu unavuta bolti ya raifoli au slaidi ya bastola, kile chuma kinachofunga na kufungua chemba. Ukigeuza, ukavuta slaidi kwanza na magazini ikiwa bado ndani, umeitoa risasi moja na kuingiza nyingine, nawe unaamini mikono yako inashika chuma kitupu. Tazama chemba, halafu ingiza kidole uiguse. Macho ya mtu aliyeshtuka huona anachotaka kukiona.

Baada ya hapo andika. Sefti, yaani kifungio cha usalama, ilikuwa wapi? Mkono wa kulia ulikuwa wapi, na wa kushoto? Bolti ilikuwa imefungwa kabisa? Andika ndani ya saa ile ile, kwa sababu ikifika jioni akili yako itakuwa imeshatengeneza hadithi inayokuondolea lawama, nawe utaiamini kwa moyo wako wote. Nimeona hilo kwa watu waaminifu kabisa.

Dalili: ililia nilipoachilia sefti, au nilipofunga bolti

Hii ndiyo dalili ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote, kwa sababu hapa chuma chenyewe kinaweza kuwa na hatia.

Ndani ya raifoli kuna kijino kidogo kinachoizuia pini isiruke mbele kupiga kiberiti cha risasi, kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti. Kijino hicho kinakaa juu ya ukingo mwembamba sana, mara nyingi chini ya milimita moja. Ukivuta triga, ukingo unasogea, kijino kinaanguka, pini inaruka. Sasa fikiria mchanga, kutu au mafuta mazito yaliyoingia katikati. Unavuta triga huku sefti ikiwa imefungwa, labda kwa bahati tu wakati unapanda gari, na triga hairudi mahali pake. Pini inabaki imeshikiliwa na sefti peke yake. Siku unayoachilia sefti, hata kama kidole chako kiko mbali, risasi inatoka.

Jambo hili limewahi kutokea. Raifoli ya Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, ilizua kesi nyingi Marekani kuhusu triga yake ya zamani, ambayo ilikuwa na kipande cha ziada kisichofungwa kwenye triga. Walalamikaji walisema uchafu ukiingia hapo kipande hakirudi sawasawa. Aina za zamani za raifoli hiyo zilikuwa na jambo jingine la hatari: bolti ilikuwa haifunguki mpaka sefti iachiliwe, yaani hata kuitoa risasi ilibidi kwanza uifanye bunduki iwe tayari kulia. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1982, lakini raifoli za kabla ya hapo bado zimo mikononi mwa watu. Mwaka 2000, huko Montana, mama mmoja aliachilia sefti ili atoe risasi baada ya kuwinda. Raifoli ikalia, na mwanawe wa miaka 9 aliyekuwa upande wa pili wa trela ya farasi akafa. Risasi ilipita katikati ya trela. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliziita tena raifoli zenye triga ya muundo mpya zaidi, zilizotengenezwa kuanzia 2006, kwa sababu nyingine: gundi iliyozidi wakati wa kuziunganisha.

Kwa hiyo ukirithi raifoli ya babu kutoka shamba la Nanyuki, usichukulie kwamba kwa kuwa imekaa miaka 40 bila tatizo basi haina tatizo. Ipime hivi, ikiwa tupu na umehakikisha mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine:

Ikoki. Funga sefti. Vuta triga kwa nguvu, kisha iachie. Ondoa kidole kabisa. Achilia sefti. Ukisikia "tak", hapo hapo umepata jibu: raifoli hiyo haitoki tena mpaka fundi aione. Rudia mara kumi. Kisha ikoki tena, iache sefti ikiwa wazi, na ufunge bolti kwa nguvu mara kadhaa. Halafu gonga kitako kwa nyundo ya mpira. Pini ikianguka hata mara moja kati ya ishirini, imeshindwa. Katika jambo hili, kushindwa mara moja ni kushindwa.

Sababu za kawaida nilizozikuta: mafuta ya kulainisha yaliyoganda baada ya kukaa kabatini miaka, triga iliyolegezwa na mtu ili iwe "laini", na skrubu zilizokazwa bila kipimo. Kuhusu hilo la pili, naomba unisikilize. Triga nyingi za kuwindia huhitaji nguvu ya kilo moja na nusu hadi mbili na zaidi kidogo. Mtu akiisugua ikawa nusu kilo, amefuta ule ukingo mwembamba niliousema. Kwenye uwanja wa shabaha utafurahi. Porini, mikono baridi alfajiri na moyo ukikimbia, hutaisikia triga hiyo mpaka imeshatoka.

Bunduki za kujikoki zenyewe zina ugonjwa wao wa jamii hiyo. SKS, raifoli ya kijeshi ya Kirusi, kwa mfano, mara nyingi ina pini inayoelea bila springi. Uchafu au grisi ya kiwandani ikiikwamisha mbele, risasi inalia bolti inapojifunga, bila triga kuguswa, na inaweza kuendelea mpaka magazini iishe. Dawa ni kusafisha njia ya pini. Kabla ya kila safari itikise bolti mkononi: usikie pini inacheza.

Dalili: ililia ilipoanguka

Uliza ilianguka juu ya nini, na upande gani. Shotgani nyingi za mitutu miwili zina sefti inayofunga triga tu. Kile kijino cha ndani hakijafungwa. Pigo la kitako kwenye sakafu ya lori linaweza kukiruka, sefti ikiwa imefungwa. Shotgani za bei ya juu huwa na kijino cha pili cha kudaka nyundo, lakini huwezi kujua kwa kutazama nje.

Bastola za kisasa nazo hazina kinga ya milele. Mwaka 2017 watengenezaji wa SIG Sauer P320 walitangaza marekebisho ya hiari baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kulia. Uzito wa triga yenyewe ulikuwa unaisukuma nyuma. Na rivolva za Ruger za mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani (cowboy), za kabla ya 1973, hubebwa na risasi tano badala ya sita, nyundo ikilala juu ya tundu tupu.

Hapa Nairobi bastola nyingi huanguka chooni. Mtu anashusha suruali, mkoba wa kiunoni unalegea, naye anajaribu kuidaka bastola hewani. Iache ianguke! Bastola nyingi za leo hazilii kwa kuanguka. Zinalia kwa kudakwa, vidole vitano vikitafuta mahali pa kushika na kimoja kikiipata triga.

Dalili: nyundo iliniponyoka

Hili ni la wenye Ceska, yaani bastola za CZ. CZ 75 ya asili haina kitufe cha kushusha nyundo. Ukitaka kuishusha juu ya risasi iliyo chembani, unashika nyundo kwa kidole gumba, unavuta triga, unaishusha polepole. Mkono wenye jasho au mafuta ukiteleza, umepiga. Zenye herufi B baada ya namba zina kizuizi cha pini, lakini kizuizi hicho hufunguka triga inapovutwa, kwa hiyo hakikusaidii hapa. Ushauri wangu ni mfupi: usiishushe. Toa magazini, toa risasi ya chemba, basi. Kama ni lazima ubebe na risasi chembani, CZ 75 hubebwa imekokiwa na sefti imefungwa, au ununue ile yenye kitufe cha kushushia.

Dalili: "ilikuwa tupu"

Haikuwa.

Tafuta ilikoingia risasi. Mara nyingi ni ule utaratibu wa magazini na slaidi uliogeuzwa. Mara nyingine mwenye bunduki aliitoa risasi asubuhi, akaipokea simu, akairudisha magazini bila kufikiri, kisha jioni akaamini kumbukumbu ya asubuhi. Ndiyo maana wakati wa kusafisha sitaki risasi hata moja iwe mezani. Wala sitaki chai, wala simu, wala mtoto anayeuliza maswali.

Wanaoishi kwenye fleti wana shida ambayo mkulima hana: hakuna upande salama. Ukuta wa jipsam hauzuii risasi ya bastola, na huko nyuma yake kuna kitanda cha jirani. Weka ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu pembeni ya kabati la chuma. Kila unapotoa risasi ya bastola au kuijaribu triga, mdomo wa mtutu uwe ndani ya mchanga huo. Mmoja wa wanafunzi wangu aliiona ndoo hiyo ni ushamba, mpaka siku aliyoipiga. Alinipigia simu saa nne usiku kuniambia mke wake yuko hai, na kwamba ndoo ina shimo.

Dalili: nilivuta, ikasema "tak" tu

Hapa hatari bado haijapita. Kiberiti kinaweza kuwa kimeshika moto lakini baruti bado haijawaka, na risasi inaweza kutoka sekunde kadhaa baadaye. Usiigeuze bunduki kuitazama. Baki umeielekeza kwenye shabaha, hesabu hadi 30 polepole, zaidi kama ni risasi za zamani, ndipo ufungue, uso wako ukiwa mbali na bolti.

Kisha tazama kiberiti. Alama ya pini ikiwa ya kina, risasi ni mbovu: imelowa au imezeeka. Alama ikiwa hafifu, springi ya nyundo imechoka au kuna mafuta mazito njiani. Kama hakuna alama kabisa, pini imevunjika, au hukuikoki.

Dalili: mlio mdogo, kama pufu

Simama. Usipige nyingine. Kuna uwezekano risasi imekwama katikati ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Toa kila kitu, toa bolti, tazama ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba ukitumia mwanga.

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni shotgani. Risasi ya saizi 20 ni nyembamba kuliko ya saizi 12: upana wa ndani wa mitutu yake ni kama milimita 15.6 kwa 18.5. Ukiidondosha kwa bahati mbaya ndani ya mtutu wa 12, inateleza na kukwama mbele ya chemba. Unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unapiga, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Watengenezaji wengi huzipa risasi za saizi 20 rangi ya manjano kwa sababu hii. Usibebe saizi mbili katika mfuko mmoja, na ukimwazima rafiki yako koti, kagua mifuko.

Dalili: nilijikwaa, au kitu kiliivuta

Kwa wanaokwenda kuwinda, hiki ndicho chanzo ninachowasisitizia zaidi, nacho hakina uhusiano na hitilafu yoyote. Mtu akijikwaa, mwili hukaza mikono yote miwili pamoja. Ukishika tawi kwa mkono wa kushoto usianguke, wa kulia nao unakaza bila kukuuliza. Kidole kikiwa ndani ya kizingo cha triga, nguvu hiyo inazidi kwa mbali kilo mbili zinazohitajika. Kidole kilale juu ya ubao, nje, mpaka macho yako yawe juu ya mnyama na umeshaamua.

Vitu vingine vilivyowahi kuvuta triga: kamba ya darubini, zipu ya koti, mkanda wa bunduki yenyewe, mguu wa mbwa aliyeruka nyuma ya gari. Gari ndilo mahali pabaya kuliko yote. Raifoli haiingii ndani ya gari ikiwa na risasi chembani, hata kama mwongozaji anaharakisha na nyati yuko mita mia. Kwenye seng'enge au mtaro ni vivyo hivyo: fungua, toa, mpe mwenzako ashike ikiwa wazi, vuka, ndipo upokee. Usiivute kamwe kuelekea kwako ukiishika kwenye mdomo wa mtutu.

Mkitembea kwa mstari, wa mbele ndiye mwenye mdomo wa mtutu mbele. Wa nyuma yake hubeba kuelekea pembeni au juu, bega lisilo na mtu. Na chemba yako ibaki tupu mpaka mwongozaji aseme vinginevyo. Mwambie waziwazi kabla ya kutoka kambini: "Mzee, nitaingiza risasi ukiniambia." Hakuna mwongozaji wa maana atakayekucheka.

Dalili: risasi ilikwenda nisikokutazama

Ulikusudia kupiga, lakini kilichopigwa kilikuwa nyuma ya swala. Hii si bunduki kujifyatua, lakini maiti haijui tofauti. Risasi ndogo ya .22 inaweza kufika zaidi ya kilomita 2. Ya raifoli kubwa huenda mbali zaidi ya hapo. Marisau ya ndege hufika mita 200 na zaidi. Kwenye mawe ya volkeno ya Kajiado, au juu ya maji ya bwawa, risasi hudunda na kugeuka upande usioutarajia. Kama nyuma ya mnyama hakuna kilima au udongo, usipige. Ukiona kichaka kinatikisika, subiri kichaka kitoe mnyama.

Kama mtu amepigwa

Kandamiza jeraha kwa nguvu, kwa kitambaa safi chochote, na usikiinue kutazama. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kwa mkanda mpana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, kaza mpaka damu ikome, na uandike saa. Hapa Kenya piga 999 au 112. Porini, gari liondoke sasa hivi na mmoja abaki akikandamiza njia nzima. Usimpe maji.

Unapoipeleka kwa fundi

Peleka kwa fundi aliyesajiliwa, na kama risasi imeumiza mtu au kuharibu mali, polisi ndio wataamua inaenda wapi kwanza. Usiisafishe kabla hawajaiona. Fundi mpe ile karatasi uliyoandika ndani ya saa ya kwanza, ganda la risasi, na boksi zilimotoka risasi hizo. Mwambie nani aliigusa triga mara ya mwisho kwa bisibisi. Mwambie uliweka mafuta gani, lini, na bunduki imekaa kabatini miezi mingapi.